Moshi wa wakubwa, shaba ya wachimbaji

Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: kila mtu amesikia juu ya vyumba vile vya viti vya ngozi, kwenye wakubwa wanakunywa wiski polepole na kuvuta sigara nene. Tulitembelea kimoja cha zamani sana, London. Hii hapa habari ya vitu tulivyoona, na ya vitu ambavyo mtu wa mine anapaswa kujua mbele ya kuvitamani.

Siku ya mshahara kwenye kamp, kijana akiweka chupa ya wiski juu ya meza, macho yote yanageuka. Bia ni ya kila mtu, lakini wiski ni ya mukubwa. Na kama kijana yule anabandika na sigara nene mdomoni, hata akikohoa mpaka machozi, wenzake watamwita «boss» mpaka chupa iishe. Hiyo picha hatukuitunga sisi. Tuliiona kwenye filamu, kwenye foto za wakubwa, na kwenye milango ya kioo ya hoteli, kule mlinzi anaangalia kwanza viatu vyako ndipo anajibu salamu.

Wasomaji wetu wengi wanapita mbele ya milango ile bila kuingia. Wanajiuliza: mule ndani wanafanya nini? Wanakunywa kitu gani chenye bei ya magunia mawili ya unga? Juu ya kuwajibu, tulifuata desturi hii mpaka mahali ambapo ilikomaa: London, mji mkuu wa Uingereza, barabara ya St James's Street. Yaya mmoja wa Likasi, yenye amekaa kule miaka mingi, njo alituongoza. Yeye ni mtoto wa kamp. Baba yake alitumika kiwandani mpaka pensheni.

Barabara fupi, majina ya zamani

St James's Street si ndefu. Unaishuka kwa dakika chache tu, toka barabara ya Piccadilly mpaka mbele ya St James's Palace, jumba la zamani la wafalme. Lakini kwenye kipande kile kifupi kuna maduka na vilabu vyenye umri kupita nchi nyingi za dunia. Kilabu ya White's ilianza 1693, na mpaka leo wanachama wake ni wanaume watupu. Wauza-divai wa Berry Bros. & Rudd walifungua duka lao 1698. Duka lile lilikuwa na mizani kubwa ya kupimia kahawa, na toka 1765 matajiri wa London wakaanza kupanda juu yake kujipima, na uzito wao ukaandikwa ndani ya vitabu. Yaya wetu alicheka sana kusikia hivyo. Kwetu mizani ni ya minerai, na mwenye gunia anasimama karibu kuangalia sindano juu wasimuibie. Hapa mizani ilipima matumbo.

Namba 19 ni duka la J.J. Fox. Biashara ya tumbako ya Robert Lewis ilianza 1787. Jamaa ya Fox, yenye ilianza biashara yake Dublin, Irlandi, 1881, ilichukua duka la Lewis 1992. Ukifungua mlango, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu. Si ile ya moshi wa sigara ya kawaida yenye kushika nguo. Ni harufu ya majani makavu, ya mbao na ya ngozi, kila kimoja kwa zamu yake.

Tuseme wazi: sigara nene si sigara ya pakiti yenye kukuzwa. Haina karatasi, haina kichungi. Ni majani matupu ya tumbako, yamekunjwa ndani ya majani mengine. Duka linazichunga sawa mayai. Zinakaa ndani ya chumba chenye unyevu wa hewa unaopimwa kila siku, kati ya asilimia 65 na 70. Zikikauka zinaungua haraka na kuwa chungu. Zikilowa zinaota ukungu.

Chini ya duka wameweka makumbusho madogo. Mule kuna kiti cha ngozi cha Winston Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita ya 40-45. Kuna na kitabu cha duka chenye jina lake: alifungua hesabu yake kwa Lewis 1900, akiwa kijana wa miaka 25, na alibaki mteja zaidi ya miaka 60. Kuna tena karatasi juu ya mwandishi Oscar Wilde na madeni yenye hakulipa. Watu wa kamp wataelewa haraka. Kitabu cha madeni cha mama wa kantini na kitabu cha duka hili ni ndugu. Tofauti ni kwamba deni la mtu wa jina kubwa wanalitia ndani ya kioo, watu wanakuja kulitazama.

Kukaa bila haraka

Chumba cha kuvutia kiko juu. Usiwaze saluni kubwa ya filamu. Ni viti vya ngozi vya kuzama, visahani vikubwa vya majivu, na mazungumzo ya sauti ndogo. Mtu anachagua sigara moja tu, anakaa nayo saa nzima, wakati mwingine kupita saa.

Kuna desturi yake. Kwanza wanakata kichwa cha sigara kwa kisu kidogo chenye makali mawili, kipande chembamba tu, juu ukikata sana majani yanaanza kufunguka. Halafu wanapasha mguu wa sigara moto polepole, wakiuzungusha, mbele ya kuvuta. Hawatumii kiberiti cha petroli, kwa sababu harufu ya petroli inaingia ndani ya majani. Wanatumia gesi, ao kipande chembamba cha mti. Wanavuta mara moja kwa dakika hivi, na moshi unakaa mdomoni tu, haushuki kifuani. Wakimaliza, hawaipondi kama sigara ya barabarani. Wanaiacha kwenye kisahani izimike yenyewe.

Tuliangalia watu waliokaa mule. Mmoja anasoma gazeti, wawili wanazungumza biashara, mwingine amefunga macho. Yaya wetu alituinamia, akasema kwa sauti ndogo: «Mudogo, kitu banauzisha hapa haiko moshi. Ni saa.» Yuko na haki. Mtu anayetumika kwa postes tatu, asubuhi, mangaribi na usiku, anajua vizuri bei ya saa moja ya kukaa bila mtu kumwita.

Lakini wiski iko wapi?

Hapa njo tulishangaa. Tulifikiri tutaona glasi mkono mmoja na sigara mkono mwingine. Sheria imekwisha kutenganisha vitu hivyo viwili. Toka tarehe 1 Julai 2007, ni marufuku Uingereza kuvuta ndani ya mahali popote pa kazi ao pa watu wote penye kuta na paa: baa, restora, hoteli, buro. Sababu ilikuwa wafanyakazi. Mteja anaweza kuchagua kukaa ndani ya moshi ao kutoka. Mwenye kubeba sahani hawezi kuchagua, anauvuta siku nzima bila kuwasha hata sigara moja.

Duka la tumbako lilipewa ruhusa ndogo. Kama zaidi ya nusu ya mauzo yake ni sigara nene, tumbako ya kiko na vitu vya namna hiyo, mteja anaweza kujaribu sigara yake ndani. Sigara ya kawaida hapana. Baa yenye kuishi kwa kuuza wiski haina ruhusa hiyo. Kwa hiyo wenye kupenda vyote viwili pamoja wanatoka nje, kwenye bustani ao kwenye mtaro wenye kuta nusu, wanakaa na makoti chini ya mashine za joto. Matajiri wa London wanavuta nje kwenye baridi, sawa mashefu wa poste kwetu wanavuta nyuma ya atelier.

Kuna hoteli moja ya bei kali sana, The Lanesborough, pembeni ya Hyde Park. Ina bustani yake ya sigara nene, na wiski za umri mkubwa. Nyumba ile, mbele ya kuwa hoteli, ilikuwa hospitali: St George's. Wagonjwa waliondoka 1980, hoteli ikafunguliwa mwisho wa 1991. Pale ambapo madaktari walisikiliza vifua vya watu, leo watu wanalipa kuvuta moshi. Tulipita mbele yake tu. Tulisoma bei mlangoni, tukaendelea na njia yetu.

Ndugu ya lutuku

Wiski tuliionja jioni, kwenye baa ya kawaida, bila moshi. Kipimo chake ni kidogo: mililita 25, vidole viwili havijai. Yaya wetu aliongeza matone machache ya maji, juu maji yanafungua harufu, akatuambia tunuse mbele ya kunywa.

Mama yeyote wa kwetu yenye amepika lutuku anaweza kuingia kwenye kiwanda cha wiski cha Uskoti na kuelewa kila kitu. Kazi ni ile ile. Wanachukua nafaka, kule ni shayiri. Wanailoweka mpaka iote, sawa tunavyoloweka mahindi ya kimea. Wanaikausha, kwenye kisiwa cha Islay wanaikausha kwa moshi wa peat, ule udongo mweusi wa mabwawa wenye kuungua, njo maana wiski ya kule inanuka moshi. Wanaisaga, wanaitia maji ya moto, halafu chachu, inachacha siku mbili tatu mpaka inakuwa sawa bia kali. Kisha wanaichemsha, mvuke unapanda, unapoa ndani ya bomba, unashuka ukiwa pombe kali. Wanarudilia mara ya pili.

Tofauti ni tatu. Ya kwanza: wanagawanya kile kinachotoka. Cha kwanza, wanachokiita kichwa, hawakitii ndani ya pipa; cha mwisho, mkia, nacho hapana. Wanachukua moyo tu, vingine vinarudi kuchemshwa. Kwetu mwenye kuuza lutuku anaona kila lita ni feza, anachanganya vyote. Ya pili: chombo. Wao wanapika ndani ya vyombo vya kazi hiyo tu. Kwetu kuna wanaopikia ndani ya fût yenye hawajui ilibeba dawa gani ya kiwanda, na bomba lilitoka kwenye gari lililokufa. Pombe ya moto inakwangua kila kitu inachogusa, na yote inaishia ndani ya glasi.

Ya tatu ni subira. Sheria ya Uskoti inasema: pombe haiwezi kuitwa wiski yao kama haijakaa ndani ya pipa la mbao za mti wa oak angalau miaka 3, na haiwezi kuwa chini ya asilimia 40. Nyingi zinakaa miaka 10, 12, 18. Rangi ya kahawia na utamu vinatoka kwa pipa; ikitoka kwenye moto ni nyeupe kama maji. Na kila mwaka kipande kama asilimia 2 kinapotea kupitia mbao. Waskoti wanakiita fungu la malaika. Sasa mtu akikuuzia «wiski» ya kahawia ndani ya kichupa cha plastiki, kwa bei ya mkate, jiulize ni miaka gani mitatu ilikaa, na ndani ya pipa gani. Rangi inaweza kutiwa kwa dakika moja.

Shaba iko katikati

Tumefika kwenye kitu kilichotufanya tuandike habari hii. Kile chombo cha kuchemshia wiski, kikubwa sawa nyumba, chenye tumbo pana na shingo ndefu kama ya bata, ni cha shaba. Si chuma, si aluminiamu: shaba nyekundu.

Zamani mafundi walichagua shaba juu inakunjika vizuri na inapitisha moto sawasawa. Kisha watu waliona sababu kubwa zaidi. Wakati nafaka inachacha, inazaa vitu vya salfa, vyenye harufu ya yai lililooza na ya kabichi. Mvuke ukigusa shaba, shaba inashika salfa ile na kuiondoa. Viwanda vinajua kwamba chombo cha chuma kisichokua kutu peke yake kinatoa pombe yenye kunuka. Hata kama wanatumia chuma, wanatia vipande vya shaba ndani. Na umbo la shingo linabadilisha utamu: shingo ndefu inapatia shaba muda mrefu wa kusafisha, pombe inatoka laini, shingo fupi inatoa pombe nzito.

Lakini shaba inalipa bei. Kila mara inaposafisha, inaliwa kidogo. Ukuta wa chombo unapungua mwaka kwa mwaka, mpaka mafundi wanakuja kukata sehemu nyembamba na kulehemu mpya. Watu wa mine watajua hadithi hiyo bila kufafanuliwa: kinachosafisha njo kinachoisha.

Shaba ikishageuka katode haina kabila. Inayeyushwa pamoja na ya Chile, ya Zambia, ya vyuma-kuukuu. Hakuna alama ya Kolwezi kwenye tumbo la chombo cha Uskoti. Hata hivyo, mtu anayekaa kwenye kiti cha ngozi na kusifu wiski laini, anasifu bila kujua kazi ya madini yetu. Bila mtu wa kutoboa jiwe, bila mtu wa tanuru, glasi ile ingenuka yai bovu.

Nani alikaa, nani alibeba sahani

Barabara hizi za London zina uzi mwingine unaofika kwetu. Robert Williams, Mskoti, alisimamisha kampuni yake ya Tanganyika Concessions kule London 1899. Watu wake, wakiongozwa na George Grey, walifika Katanga kwenye mashimo ya shaba. Hawakuyavumbua: wahenga wetu walikuwa wanachimba na kuyeyusha, na misalaba yao midogo ya shaba ilitembea kwa biashara mbali sana. 1906 kampuni ile iliungana na Wabelgiji, Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa, na 1911 tanuru ya Lubumbashi ikamwaga shaba yake ya kwanza.

Mpaka leo bei ya shaba inasemwa London, kwenye soko la madini la London Metal Exchange, lililoanza 1877. Mengi sasa yanapita kwa kompyuta na simu. Lakini kungali duara la viti, na wauzaji wanaitana bei kwa sauti, dakika 5 kwa kila madini. Viti vile ni vya ngozi nyekundu. Bei ikishuka pale, kwetu négociant anapunguza kilo jioni ile ile.

Na sisi, tulikuwa wapi wakati desturi ya wiski inafika Katanga? Tulikuwa tumesimama na sahani. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza pombe kali kwa ajili ya wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza. Ndani ya Congo ya Wabelgiji mzungu alikunywa wiski yake kwenye cercle ao barazani. Mtu mweusi alimpelekea barafu, na kama angekunywa ile ile angeenda gerezani. Wakubwa walisema ni juu ya kulinda afya yetu, na pombe kali kweli inaharibu. Ila sheria haikuangalia tumbo, iliangalia ngozi.

Kwa mawazo yetu, hapo njo chupa ilipata utukufu wake. Kitu ulichokatazwa kwa miaka mingi hakiwi tena kinywaji, kinakuwa medali. Babu alikibeba kwenye sahani; mjukuu anataka kionekane juu ya meza yake. Hatumcheki mjukuu. Tunataka tu ajue medali ile ilitoka wapi, na ni nani anayeilipa.

Hesabu ya chupa na ya kifua

Tufanye hesabu kidogo, juu mke wa mfanyakazi anazifanya kila mwezi. Bia kubwa ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina mililita 36 za pombe safi. Kipimo kile kidogo cha wiski cha London kina mililita 10. Chupa nzima ya wiski ya sentilita 70, yenye asilimia 40, ina mililita 280: ni karibu bia kubwa nane. Vijana wawili wakiimaliza chupa ile kwa saa moja, kila mmoja amekunywa bia nne bila kujaza tumbo, njo maana hasikii kwamba amezidisha. Kesho yake poste ya asubuhi inamngoja, na mashine haiulizi kama umelala.

Kwenye kiti cha ngozi mtu anakunywa vipimo viwili kwa jioni nzima. Kijana wetu anaiga glasi, haigi mwendo.

Juu ya moshi, neno letu ni kali zaidi. Sigara nene moja kubwa inaweza kuwa na tumbako sawa pakiti nzima ya sigara za kawaida. Watu wanajituliza: «hatuvuti kifuani». Ni kweli kifua kinaokoka kidogo, lakini mdomo, ulimi na koo vinabaki ndani ya moshi ule saa nzima, na kansa ya sehemu hizo inajulikana. Na pombe kali pamoja na tumbako hazijumlishani hatari. Zinaizidisha, kwenye koo hasa.

Na kijana wetu aliyezoea sigara ya pakiti, sigara nene pia ataivuta kifuani. Kifua chake si kifua cha bwana wa London. Vumbi la mawe lina silika. Linaingia chembe chembe, linaacha makovu ndani ya mapafu, na makovu hayo hayatoki. Mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu upesi. Ukitia na tumbako juu yake, pumzi inaisha mapema, na hatari ya kansa ya mapafu inapanda kupita ile ya mwenye kuvuta tu ao mwenye vumbi tu. Mtu anayetoboa jiwe mchana, akivuta usiku, analipa mara mbili. Kama uko na kikohozi kinachopita wiki mbili, ao unachoka kupanda ngazi zenye ulipanda mwaka jana bila shida, nenda hospitali, uwaambie wazi kazi unayofanya. Usiwaache wafikiri ni malaria.

Mtu wa kusoma

Kuna kitu kimoja ndani ya historia ya sigara nene chenye tungependa kukileta nyumbani, na hakina moshi.

Sigara zile zinakunjwa kwa mkono, nyingi za sifa zikitoka Havana, Kuba, na majani mazuri yanatoka eneo la Vuelta Abajo, upande wa magaribi wa kisiwa. Mkunjaji anakaa kwenye meza ndogo na kisu chake cha nusu-mwezi, chaveta. Anapanga majani ya ndani, anayafunga kwa jani la pili, anavalisha jani la mwisho, laini sawa kitambaa. Anaweza kukunja kama mia moja kwa siku. Kazi ile haina kelele za mashine. Mikono inatumika, masikio yako huru.

Basi 1865, kwenye kiwanda cha El Fígaro, wakunjaji walipata wazo: kumweka mtu mmoja juu ya jukwaa dogo, awasomee. Asubuhi magazeti, kisha vitabu. Wafanyakazi wenyewe walichagua kitabu, na wao wenyewe walimlipa msomaji, kila mtu akitoa kidogo kwenye mshahara wake. Wengi wao hawakujua kusoma. Wakipenda maneno, waligonga meza kwa visu vyao. Inasemwa kwamba jina la sigara za Montecristo, zilizoanza 1935, lilitoka kwa kitabu cha Alexandre Dumas walichopenda sana kusikia.

Serikali ya Wahispania iliogopa mara moja. 1866 ilikataza kusoma viwandani: mfanyakazi anayesikia habari za dunia anaanza kuuliza maswali. Desturi ikarudi baadaye, ikavuka bahari pamoja na wakunjaji waliohamia Florida, Marekani. Kule Tampa, 1891, José Martí alizungumza nao, na wakunjaji wakatoa sehemu ya mishahara yao juu ya uhuru wa Kuba. 1931 mabwana wa viwanda vya Tampa wakaondoa wasomaji, wakaweka redio. Redio hailipwi na wafanyakazi, kwa hiyo haichaguliwi nao. Lakini Kuba wasomaji wangali, na 2012 serikali iliandika kazi yao kama urithi wa taifa.

Tunajua gazeti hili linanunuliwa na mtu mmoja na linasomwa na kumi. Tunajua tena kwamba kwenye nyumba nyingi za kamp baba anajua minerai yote kwa macho lakini barua ya kampuni anampa mtoto amsomee. Hakuna haya ndani yake. Wakunjaji wa Havana walifanya hivyo mbele ya dunia nzima. Jumapili jioni, kiti cha plastiki chini ya mwembe, mtoto wa sekondari mwenye sauti nzuri, na kila mtu anatoa kidogo juu ya daftari zake. Asome mkataba wa kazi, kifungu kwa kifungu. Asome karatasi ya mshahara. Asome karatasi ya hospitali. Akimaliza hayo, asome hadithi yoyote mnayopenda.

Bei ya chupa moja ya wiski inatosha kumlipa miezi.